Kufoka kwa Mzee Mihambo wa Igombelo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa sanduku. Lilikuwa sanduku la mbao, refu kama mkono wa mtu mzima kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na ndani yake mlikuwa na kadi tupu zilizobanwa mgongo kwa mgongo. Msimamizi wa Kanda, mwanamume mfupi mwenye sauti ya mwadhini, alilisukuma juu ya meza kuja upande wangu.

"Zuhura," akasema, "hilo ndilo shamba lako. Ukirudi nalo tupu, hukulima."

Nilikuwa na miaka ishirini na ushee, mzaliwa wa Ng'ambo, Tabora mjini. Baba yangu alikuwa fundi bati, akitengeneza vibatari na ndoo, nami nilikulia katikati ya nyundo. Ndiyo maana mpaka leo nazungumza kwa sauti kubwa na wajukuu wananiomba nipunguze. Nchi haikuwa na muda mrefu tangu ipate Uhuru. Kiswahili kilikuwa kimepewa kazi ambazo hakijawahi kuzifanya: kuhukumu mahakamani, kufundisha hesabu, kuandika sheria. Ikaonekana kwamba inahitajika kamusi mpya, na kamusi haiandikwi na watu waliokaa Dar es Salaam wakila korosho. Wakaajiriwa vijana wa kwenda kuyatafuta maneno yaliko. Sisi tuliitwa wakusanyaji wa maneno.

Mama yangu hakuielewa kazi hiyo hadi alipofariki. "Yanakusanywa kwa nini?" aliniuliza siku ile ile ya kwanza. "Kwani yamemwagika?"

Niwaeleze ninyi vijana, ambao leo mnabonyeza tu mkapata kila kitu, kadi ile ilivyokuwa. Juu kabisa uliandika neno lenyewe. Wataalamu wa leo wanaliita kidahizo. Sisi tulisema neno kuu, na dunia haikuanguka. Chini yake uliandika aina yake, kama ni kitenzi au nomino, kisha maana yake kwa kifupi. Halafu ukafika kwenye mfano, na hapo ndipo penye kazi. Mfano haukuwa sentensi yoyote inayokujia kichwani ukiwa unasubiri chai. Ulikuwa ni maneno uliyoyasikia kwa masikio yako, yakitoka kinywani mwa mtu aliye hai, naye akiwa hasemi kwa ajili yako. Mwisho, chini ya mstari mwekundu, uliandika jina la msemaji na mahali alipolisemea neno hilo.

Aliyetufundisha haya alikuwa Mhariri Mkuu mwenyewe, aliyekuja Tabora kwa garimoshi akakaa nasi wiki nzima. Alikuwa mwembamba, shati jeupe amelifunga kifungo cha shingo hata kwenye joto la Oktoba, na katika miaka yote niliyomjua sikumsikia akipaza sauti. Kosa kubwa kuliko yote kwake lilikuwa ni kutunga mfano.

"Mtu akifungua kamusi hana wa kumuuliza," alituambia. "Anatuamini tu. Kadi moja ya uongo ikipatikana kwenye sanduku la mmoja wenu, nitalitupa sanduku zima, maana sitajua tena ipi ni ya kweli."

Nilimwogopa tangu siku hiyo, na nilimpenda tangu siku hiyo hiyo.

Mwaka wa kwanza nilifanya kazi mjini. Nilikaa na washona kofia, masonara, wauza asali na mabwana wa Kiarabu waliojua majina ya vitambaa ambavyo havikuwa vinauzwa tena. Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba ukimwuliza mtu maana ya neno, anakupa maana ya mwalimu wake wa shule. Ukitaka maana yake mwenyewe, nyamaza umsaidie kuchambua mchele. Baadaye nikapelekwa Usoke, kituo cha reli upande wa Kigoma, kwa wakulima wa tumbaku. Huko nilizoea kukaa nje ya bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku, ambako moto haupaswi kuzimika kwa siku kadhaa na watu wanaoulinda hawana la kufanya isipokuwa kusema. Nilijaza masanduku mawili Usoke, na kanga zangu zote zikanuka tumbaku. Msimamizi wa Kanda aliniambia nikiingia ofisini anajisikia kuvuta.

Basi katika mwaka wangu wa saba tukaletewa kutoka makao makuu karatasi tuliyoiita Orodha ya Mashaka. Yalikuwa maneno ambayo wahariri walishindwa kukubaliana maana yake au chanzo chake. Lile la pili katika orodha yangu lilikuwa kufoka.

Mtaniambia: nani asiyejua kufoka? Maji yanafoka, yaani yanatoka kwa nguvu yakitoa mapovu. Uji unafoka jikoni. Na mtu naye anafoka, anaposema kwa hasira maneno mengi, makubwa makubwa, yanayopita kosa lenyewe. Lakini Mhariri Mkuu hakuwa akiuliza maana tu. Alitaka kujua hasira ilianzia wapi kuitwa hivyo, na je, kufoka ni sawa na kugomba? Ni sawa na kukaripia? Pembeni aliandika kwa wino wake wa kijani: "Tafuta kwenye njia ya zamani ya misafara. Wapagazi walikuwa watu wa maneno."

Nikaanza safari. Usoke akina mama wa mabani waliniambia kwamba mkubwa humkaripia mdogo, majirani hugombana, lakini kufoka hakuchagui. Hata mdogo anaweza kumfokea mkubwa, ila ajue pa kukimbilia. Nikapanda lori kwenda Puge, upande wa Nzega. Kule mfugaji mmoja aliyekuwa na ng'ombe aliyepotea alimfokea shemeji yake mbele yangu kwa muda mrefu kiasi kwamba ng'ombe alirudi mwenyewe, naye akaendelea. Niliandika kadi tatu. Bado chanzo sikukipata.

Ndipo nikaelekezwa Igombelo, kijiji kidogo mwendo wa nusu siku kwa baiskeli kutoka stesheni ya Goweko. Huko, niliambiwa, kuna mzee ambaye baba yake alikuwa mpagazi wa misafara ya pwani, na yeye mwenyewe alibeba mizigo ya Wadachi na kisha ya Waingereza wakati wa vita vyao. Jina lake Mzee Mihambo Kapaya.

Nilimkuta akichonga mpini wa jembe mbele ya nyumba yake. Alikuwa mrefu, mifupa mitupu, na utosini alikuwa na sehemu iliyobonyea ambayo alisema ni alama ya mizigo. Niliamini mpaka mkewe, Bibi Kalunde, aliponong'ona kwamba alianguka kwenye mti akiwa mtoto.

"Mwangaluka, babu," nikamwamkia kwa Kinyamwezi, kujipendekeza.

"Sema shikamoo," akajibu. "Kinyamwezi chako kina kutu."

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye unayeandika watu?"

"Naandika maneno, babu."

"Na maneno yanatembea yenyewe?"

Nilikaa Igombelo wiki tatu, nimefikia kwa jirani yake. Nilimenya karanga, nikamwacha aseme. Na siku ya tano au ya sita, bila mimi kuuliza, akanipa nilichokuwa nikikitafuta. Alisema katika misafara, jua likielekea kushuka, wapagazi wanatua mizigo, wanabandika vyungu vya ugali. Kuanzia chungu kinapobandikwa hadi kinapoepuliwa, kila mpagazi alikuwa na ruhusa ya kumfokea kirangozi, yule kiongozi wa msafara. Ruhusa kamili! Amtukane njia aliyoichagua, mto aliowavusha, ngoma yake, miguu yake, akitaka mpaka pua yake. Kirangozi anakaa chini, kilemba mkononi, anasikiliza. Hajibu. Chungu kikiepuliwa, basi. Mtu anayeendelea baada ya hapo anaitwa mgomvi na ananyimwa mboga.

"Na asubuhi?" niliuliza.

"Asubuhi mnabeba mizigo mnakwenda," akasema. "Lakini mnacheka njia nzima. Mnasema, jana fulani alifoka! Na anatajwa jina. Baba yangu alimfokea kirangozi mmoja pale Tura, mpaka mimi nimezaliwa nikakuta watu wanayasema maneno yale, wanasema haya ni ya Kapaya. Mwizi wa mzigo alipigwa. Lakini aliyesema maneno ya mwenzake akayaita yake, huyo hakuna aliyelala naye kwenye moto mmoja."

Sasa kama ni chungu kilichoipa hasira jina lake, au ni hasira iliyokutwa na chungu, sijui. Mhariri Mkuu alitaka ushahidi, nami nilikuwa na masimulizi ya mzee mmoja. Niliandika kila kitu alichosema, na chini ya mstari mwekundu nikaandika jina lake. Alinifanya nimsomee mara mbili pale palipoandikwa jina. Mara ya pili alimwita Bibi Kalunde aje asikie.

Kilichobaki kilikuwa mfano. Masimulizi juu ya kufoka si kufoka kwenyewe. Na mfano ulikuja wenyewe, siku mbili kabla sijaondoka.

Hiyo ilikuwa miaka ya vijiji vya Ujamaa, na Igombelo ilikuwa ihamie barabarani, uwanda mmoja usio na kivuli, ambako nyumba zingepangwa kwa mstari ili shule na zahanati ziwe karibu. Sisemi nia ilikuwa mbaya. Mimi mwenyewe nilivaa kanga ya Chama na niliamini, na mpaka leo sioni aibu kwamba niliamini. Katibu Tarafa aliitisha mkutano mbele ya ghala la tumbaku. Alikuwa kijana mpole mwenye macho ya usingizi, aliyekuwa na vijiji vinne vya kuhamisha na baiskeli moja. Alieleza vizuri. Akauliza kama kuna mwenye neno. Mzee Mihambo akasimama. Nami, kwa mazoea ya kazi, nikatoa kadi.

"Mnanihamisha mimi?" akaanza taratibu, kisha sauti ikapanda. "Baba yangu aliikanyaga nchi hii mpaka pwani akarudi, na pembe ya ndovu begani, hakuna aliyemwonyesha pa kulala! Leo wewe, mtoto wa juzi, uliyekuja juu ya baiskeli ya serikali, unaninyooshea kidole kwenye uwanda wa mchwa unaniambia hapo ndipo kwetu! Nyoosha na kidole cha pili! Hamisha na kisima! Hamisha na makaburi, uyapange mstari kama unavyotupanga sisi! Na jua nalo, likichomoza mahali ambapo halikupangiwa, liandikie barua!"

Watu waliangua kicheko mpaka wengine wakakaa chini. Katibu Tarafa mwenyewe aliinamisha kichwa na mabega yakawa yanatikisika kwa kicheko. Mzee Mihambo akajifunga shuka lake vizuri, akakaa, na mkutano ukaendelea. Nami nilikuwa na mfano ambao mkusanyaji wa maneno anaupata mara moja katika maisha. Nilikaa kibarazani kwa mwenyeji wangu nikaunakili kwa mwandiko safi, neno kwa neno. Neno kuu: foka. Aina: kitenzi. Msemaji: Mihambo Kapaya. Mahali: Igombelo. Nilijisikia kama mtu aliyekamata samaki kwa mkono.

Sasa sikilizeni kosa langu. Utaratibu wa kazi yetu ulikuwa kwamba kabla ya kuondoka mahali, unapeleka sanduku kwenye ofisi ya serikali ya pale, wanagonga muhuri nyuma ya kadi chache kuthibitisha kwamba kweli ulifika na hukuandikia kadi zako nyumbani kwa shangazi. Nilikuwa nimefanya hivyo miaka saba. Sikuwaza. Nilibeba sanduku langu mpaka kwa Katibu Tarafa, na kwa kuwa nilikuwa najivunia kadi ile, niliiweka ya kwanza.

Siku hiyo ofisini hakuwa peke yake. Alikuwapo Mkaguzi wa Vijiji kutoka wilayani, bwana mnene, msafi, mwenye kalamu mbili mfukoni. Mezani mbele yake palikuwa na muhtasari wa mkutano ulioandikwa na Katibu Tarafa, na muhtasari huo ulisema wananchi wa Igombelo walipokea mpango kwa furaha. Mkaguzi aliichukua kadi yangu ya juu, akaisoma akitikisa mguu. Mguu ukaacha kutikisika.

"Huyu Mihambo Kapaya ni nani?" akauliza.

Katibu Tarafa alinitazama. Nikaona uso wake umepauka, na hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Hakuna mtu hata mmoja pale Igombelo aliyemshtaki mzee yule popote. Katibu Tarafa, aliyefokewa yeye, aliamua kunyamaza. Ni mimi, niliyempenda, niliyemwandika jina lake na mahali pake kwa mwandiko safi nikamleta mpaka mezani.

"Anapinga maendeleo hadharani," Mkaguzi akasema. "Aletwe. Tutakwenda naye wilayani akaeleze vizuri."

Tulijua maana yake. Kijiji cha jirani walimchukua mzee mmoja akaeleze vizuri, akakaa ndani wiki nyingi, akarudi hawezi kushika kijiko. Mzee Mihambo alikuwa na kifua kinachokohoa hata akiwa amelala kwenye kitanda chake mwenyewe.

Nikasema, "Hakuyasema yeye, mzee. Nimeyatunga mimi."

Sikujua kwamba nitasema hivyo. Mkaguzi akaniangalia kana kwamba ndiyo kwanza ananiona.

"Umeyatunga? Na jina hili?"

"Kadi inataka jina. Nikaandika la mtu ninayemfahamu."

"Wewe mtumishi wa serikali unatunga maneno ya kukejeli serikali?"

"Nilihitaji mfano wa kufoka, mzee. Sikufikiri."

Akamgeukia Katibu Tarafa. "Mtu huyu alisema haya kwenye mkutano wako au hakusema?"

Yule kijana aliuvuta muhtasari wake, akausoma polepole kama mtu anayesoma Kurani, mbele na nyuma. "Muhtasari hauonyeshi," akasema.

Mpaka leo nikikumbuka jibu hilo namwombea dua. Mkaguzi alinifanya niandike kwenye kadi ile, kwa kalamu yake moja kati ya zile mbili, "Mfano huu nimeutunga", na nitie saini. Kisha akaandika barua kwa Mhariri Mkuu. Mzee Mihambo hakuletwa.

Nililia njia nzima mpaka Goweko, nikisukuma baiskeli. Si kwa sababu ya kumwokoa mzee; hilo nilifurahi. Nililia kwa ajili ya masanduku yangu. Miaka saba ya kukaa chini na watu, na sasa kulikuwa na kadi iliyoitwa ya uongo kwa mkono wangu na saini yangu.

Niliitwa Dar es Salaam. Mhariri Mkuu alinipokea peke yake, barua upande mmoja wa meza na kadi upande wa pili, kifungo cha shingo kimefungwa.

"Umetunga?" akaniuliza.

Ningeweza kumwambia kweli. Lakini barua ilikuwa kwenye jalada, na jalada husomwa na wengi. "Ndiyo, mwalimu. Nimetunga."

Aliisoma kadi ile kwa sauti ya chini mpaka mwisho, mpaka kwenye jua linaloandikiwa barua. Midomo ilimcheza. Akavua miwani.

"Zuhura, nimesoma kadi zako miaka saba," akasema. "Mara moja moja, ukikosa mfano, unajaribu kunipenyezea wako mwenyewe. Unadhani sioni? Nazitoa kabla hazijaharibu sanduku. Mifano yako ni 'Baba alikwenda sokoni.' Mama alikwenda sokoni. Juma alikwenda sokoni. Wewe huna uwezo wa kutunga hivi."

Kutukanwa kwa namna ile sijapata kufurahia tena.

"Sitayatupa masanduku yako," akaendelea. "Lakini hii imeshaandikwa 'kutungwa', haiwezi kuingia kwenye kamusi. Na wewe huendi tena vijijini mpaka watu wasahau. Utakaa hapa upange kadi za wenzako kwa alfabeti."

Nilipanga alfabeti miaka miwili. Anayejua kazi hiyo atanionea huruma. Ilipofika herufi M nilikuwa naota M. Nilipopewa likizo ya kutosha nilipanda garimoshi moja kwa moja, sikupita hata kwetu Ng'ambo, nikashuka Goweko.

Igombelo ilikuwa imeshahamia barabarani. Nyumba zilikuwa kwenye mstari kweli, na ya Mzee Mihambo ilikuwa ya tatu. Alikuwa kibarazani. Bibi Kalunde alikuwa jikoni kando, chungu kikiwa motoni. Nilitegemea kukumbatiwa. Mimi ndiye niliyemwepusha na selo, si ndiyo? Nilikuwa nimembebea na kilo mbili za sukari.

"Shikamoo, babu."

Nikamwamkia mara ya pili. Kisha akasimama.

"Nilisema mimi!" akafoka. "Watu wote wa Igombelo wanajua nilisema mimi, mbele ya ghala, kwa mdomo huu! Halafu nasikia ofisini umesema umeyatunga wewe! Wewe, usiyeweza kumwamkia mtu kwa Kinyamwezi! Unajua nani hubebewa mzigo njiani? Mgonjwa! Mpagazi mzima hauweki mzigo wake kichwani kwa mwenzake! Hubebewa yule anayekufa, tunampokea mzigo, tunamwacha chini ya kichaka na kibuyu cha maji! Mimi nilikuwa naumwa? Nilikohoa mbele yako nikakuomba unipokee? Ulinikuta nimelala kichakani, Zuhura? Miaka miwili natembea mikono mitupu kama..."

Bibi Kalunde akaepua chungu. Nilikisikia kikigusa chini. Mzee Mihambo akafunga mdomo katikati ya sentensi, akapumua, akakaa.

"Marahaba," akasema. "Umeleta sukari?"

Tulikula. Nilijaribu kumweleza hatari iliyokuwapo, naye aliielewa vizuri kuliko mimi. Aliwahi kufungwa na Wadachi. Hakukataa kwamba wangemchukua, wala kwamba kifua chake kisingerudi. Alisema tu kwamba hayo yalikuwa yake, nami nilipaswa kumwuliza kwanza. Kisha, tukinawa mikono, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa: "Nikishakufa hawatanifanya kitu. Ndipo unirudishie mzigo wangu."

Nikaahidi.

Alifariki miaka mitano baadaye, kwenye kitanda chake, na barua ya Bibi Kalunde iliandikwa na yule yule Katibu Tarafa. Wakati huo nilikuwa nimepanda hadi Mhariri Msaidizi, na Mhariri Mkuu alikuwa amestaafu. Ningeweza kuitoa kadi ile, nikafuta maneno niliyoandikishwa. Lakini ningelazimika kusema kwamba nilimdanganya mkaguzi wa serikali kwa saini, na mkubwa wangu mpya hakuwa mtu wa kucheka. Niliogopa. Nikajiambia mwaka kesho, na mwaka kesho ukawa na mwenzake, mpaka kamusi ikatoka. Fungueni mtazame penye neno lile. Mfano wake ni "Juma alimfokea mtoto wake." Niliutunga mimi, na mara hii hakuna aliyeniuliza.

Nimestaafu siku nyingi sasa, nimerudi Ng'ambo, na jirani yangu ni fundi bati kama alivyokuwa baba. Vijana wa chuo huja kuniuliza juu ya kazi yetu, nami nawaambia mazuri yake, na yalikuwa mengi: mabani ya Usoke, yule ng'ombe wa Puge, wino wa kijani wa Mhariri Mkuu. Wananiuliza ni neno gani ninalolipenda kuliko yote, wakidhani nitataja la heshima. Huwa nawatajia kufoka, na huwa siwaambii sababu. Nimechelewa sana, na walionitisha wote wameshatangulia. Sina kisingizio kilichobaki.

Neno: foka. Kitenzi. Maana: kusema kwa hasira maneno mengi makubwa, kwa muda, mbele ya anayestahili kuyasikia. Mfano: ni ule niliounakili hapo juu, kuanzia "Mnanihamisha mimi?" hadi kwenye jua na barua yake. Sikuutunga. Msemaji: Mihambo Kapaya, mwana wa Kapaya mpagazi. Mahali: Igombelo, mbele ya ghala la tumbaku. Alikuwa amesimama, na hakuwa mgonjwa.